Namna ya Kuwa Mpenzi Mkongwe wa Zilipendwa Bila Kutoka Sebuleni

Hukuwahi kuingia ukumbi wa DDC Kariakoo. Siku Mbaraka Mwinshehe anafariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, ulikuwa hujazaliwa, au ulikuwa mgongoni mwa mama. Suruali ya bugaluu umeiona kwenye picha ya harusi ya mjomba. Na bado gitaa la zamani likilia kwenye duka la jirani, kuna kitu kinakushika kifuani, unatamani uwe miongoni mwa wale wanaofumba macho na kutikisa kichwa taratibu.

Unaweza. Tena unaweza kuanza leo, kabla ya chakula cha usiku, bila nauli na bila kiingilio. Fuata ninavyokuelekeza, na usimwambie mtu.

1. Chagua upande kwanza

Usianze na nyimbo. Nyimbo ni nyingi mno, zitakuchosha kabla hujapata raha. Anza na upande, maana mpenzi wa muziki wa dansi hujulikana kwa ushabiki kabla hajajulikana kwa masikio.

Kwa Dar es Salaam mambo ni mepesi: Msondo au Sikinde. Msondo ndiyo ile NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadili jina, bendi nayo ikabadili: ikawa JUWATA, ikawa OTTU, leo ni Msondo Ngoma. Sikinde ndiyo Mlimani Park, iliyozaliwa mwaka 1978. Mimi ni Sikinde. Wewe chagua unakotaka, ila ukishachagua usiyumbe, kwa sababu hapa ndipo ilipo njia ya mkato tamu kuliko zote: mtu wa upande mmoja hatarajiwi kuzijua nyimbo za upande wa pili. Ukiulizwa wimbo usioujua, cheka kidogo, useme, “Ah, hizo ni za wenzetu.” Umepona. Nusu ya mtihani umeifuta kwa maneno machache.

Ukiogopa ugomvi, nenda Maquis, bendi iliyotoka Kongo ikaweka makazi Dar es Salaam miaka ya 1970. Mtindo wao, Kamanyola, ulitangazwa kuwa unachezwa bila jasho, na hilo linamfaa mno mtu wa sebuleni. Ukiwa na asili ya Morogoro, huna la kuchagua: una Salum Abdallah na Cuban Marimba, una Mbaraka na Morogoro Jazz, na mji mmoja kuwatoa wote wawili ni kiburi cha kukutosha maisha yote. Ukiwa Nairobi au Mombasa, kaa na akina Wanyika. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, walianzisha Simba Wanyika huko Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1978 wakachomoka humo walioanzisha Les Wanyika. Mkenya akisema hao ni wa kwao, kubali. Mtu wa Tanga akisema ni wa kwao, kubali vilevile. Wote wanasema kweli, na wewe utakaribishwa kwenye meza zote mbili.

Ukijikuta katikati ya watu ambao huzijui pande zao, msifu Muhidin Gurumo. Hutakosea. Alikuwa NUTA, akawa Mlimani Park tangu ilipoanzishwa, katikati ya miaka ya 1980 akahamia Safari Sound, kisha akarudi Msondo na kuzeekea huko. Kila shabiki ana haki ya kumwita wake.

2. Wimbo mmoja, wiki nzima

Sasa chagua wimbo. Mmoja tu. Anayekutumia nyimbo mia mbili kwa mpigo anakunyima raha ya hata mmoja.

Usichukue “Sina Makosa” ya Les Wanyika. Ni wimbo mzuri mno, na kwa uzuri huo kila mtu anaujua. Ukiutaja kuwa ndio wimbo wako, hakuna atakayekuuliza zaidi, na wewe unataka kuulizwa. Chukua ulio hatua moja pembeni. Uwe unafahamika kiasi cha kumfanya mzee atabasamu, na uwe umejificha kiasi cha kumfanya mtu wa rika lako aulize, “Huu nao ni wa nani?” “Neema” ya Mlimani Park, utunzi wa Cosmas Chidumule, uko mahali hapo hasa. “Dada Asha” ya Tabora Jazz nao. “Zuwena” ya Marijani Rajab pia, ingawa huo unakaribia kuwa wa kila mtu.

Kaa nao wiki nzima. Siku ya kwanza sikiliza besi peke yake. Usifuate maneno wala mwimbaji. Shika besi tangu mwanzo hadi mwisho, na ikikuponyoka, rudisha wimbo nyuma. Siku ya pili sikiliza gitaa la ridhimu, lile linalokwaruza katikati bila kuomba sifa. Hapo utagundua jambo ambalo wengi wanaocheza nyimbo hizi miaka yote hawajaligundua: gitaa la solo linalosifiwa kila siku limeegemea hilo la kati. Siku ya tatu ni zamu ya tarumbeta na saksafoni. Ona zinavyonyamaza mwimbaji akieleza shida zake, na zinavyoingia anapovuta pumzi.

Siku ya nne, maneno. Nyingi ya nyimbo hizi ni mashauri yaliyoletwa mbele ya watu: mume analalamika, mke kaondoka, ndugu kakopa hajalipa, rafiki kamgeuka mwenzake mjini. Msikilize mlalamikaji hadi mwisho kabla hujamuunga mkono. Wengine wana makosa wenyewe na wanajua, na mwimbaji anakuachia uamue.

Siku ya tano ndiyo siku ya chemko, na hapa nisikilize vizuri. Wimbo wa dansi huanza taratibu: mwimbaji anaeleza, kiitikio kinajibu. Kisha hufika mahali magitaa yakaharakisha, maneno yakapungua, tumba zikapanda juu, na ukumbi mzima ukawa katikati ya sakafu. Lijue chemko la wimbo wako linapoingia, hadi ulisikie kabla halijafika. Ukilijua hilo, mbele za watu una kazi moja tu. Sekunde chache kabla ya chemko, inua kidole. Usiseme kitu. Kidole tu. Chemko likiingia, kishushe. Watu wataapa kwamba ulikuwepo.

Jambo moja zaidi. Ukipata nakala iliyotokana na sahani ya Nairobi, huenda wimbo ukakatika katikati. Sahani ndogo ilibeba nusu ya wimbo upande huu na nusu upande wa pili, na chemko mara nyingi lilikuwa limehamia nyuma. Usilalamike kwamba faili limeharibika. Inuka, tembea hatua mbili kana kwamba unakwenda kugeuza sahani, rudi ukae, cheza sehemu ya pili. Hakuna ishara nyingine ya ukongwe inayoifikia hiyo.

3. Punguza spika

Hapa vijana wengi huharibu. Wananunua spika kubwa inayotikisa madirisha, na Mbaraka anatoka humo kama mgeni aliyevalishwa suti ya kuazima. Tafuta spika moja ndogo. Huna? Weka simu ndani ya bakuli la udongo, upande wa sauti ukitazama chini. Sauti itakusanyika na kupata joto. Kisha toka chumba hicho. Ndiyo, toka. Kaa barazani au chumba cha pili, mlango ukiwa nusu wazi. Muziki huu hupendeza zaidi ukikufikia kutoka kwa mtu mwingine.

Wala usidhani hapo unaigiza. Bendi za Tanzania zilirekodi kwenye studio za Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD), bendi nzima ikipiga kwa pamoja, na kanda zikabaki mali ya redio. Kutoka hapo nyimbo zilikwenda Songea, Kigoma, Bukoba na Pemba, kwa watu ambao hawakuwahi kuliona jukwaa la Mlimani Park wala uso wa Gurumo. Walizisikia wakimenya viazi. Walizisikia kwa redio iliyowekwa dirishani ili na jirani apate, na betri za National zikiisha nguvu walizianika juani zipate uhai wa wimbo mmoja zaidi. Waliojaa kumbini Dar es Salaam Jumamosi usiku walikuwa wachache mno ukiwalinganisha na hao.

Kwa hiyo anayekwambia hulijui dansi kwa sababu hukulicheza ukumbini, yeye ndiye asiyejua dansi lilivyoishi. Liliishi majumbani. Wewe na bakuli lako mko mahali penyewe.

Ila kuna mtego, nakuonya mapema. Remmy Ongala, yule Mkongo aliyekuja kuwa wetu kabisa na Super Matimila yake, alitunga “Mambo kwa Soksi” kuhimiza kondomu wakati ukimwi unaangamiza watu. RTD ilikataa kuupiga. Huo ulisambaa kwa kumbi na kanda. Ukijitapa kwamba uliusikia redioni kwa shangazi, umekwisha.

4. Weka akiba ya mambo machache

Usikariri historia. Weka mambo matatu mfukoni, na kila moja ulitoe mara moja tu kwa kila kundi la watu. Ukirudia, utaonekana umesoma.

La kwanza ni la kumtolea mtu anayesema wasanii wa siku hizi ndio waliofika mbali. Mwache amalize, kisha mwambie kwamba mwaka 1970 Morogoro Jazz walikuwa Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70.

La pili lisubirishe hadi mtu alalamikie usafiri wa daladala, na hutasubiri sana. Wanamuziki wa zama zile wengi walikuwa waajiriwa wenye mshahara, na bendi zilikuwa mali ya taasisi. Umoja wa Vijana walikuwa na Vijana Jazz, polisi walikuwa na yao, shirika la bima lilikuwa na Bima Lee. Na shirika la usafiri la Dar es Salaam lilikuwa na UDA Jazz. Sema hilo la mwisho kwa upole: kulikuwa na wakati ambapo kampuni ya mabasi ilikuwa na bendi yake. Meza itanyamaza, kila mtu akiwaza ingekuwaje leo.

La tatu ni la Siti binti Saad, na nitalifikia.

5. Mpigie mzee simu, na umkosee

Chanzo bora kuliko vyote hakiko kwenye intaneti. Kiko kwenye simu yako, umekiandika “Baba Mdogo Moro”, na mara ya mwisho kuongea naye ilikuwa Idi.

Usimwombe akusimulie mambo ya zamani. Ukimwomba, atasema hakumbuki, kisha atageuza mazungumzo yawe ya kazi yako na ndoa yako. Mkosee. Mkosee kidogo, kwa adabu zote.

“Shikamoo, baba mdogo.”

“Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?”

“Hatujambo. Nilikuwa nasikiliza ule wimbo ‘Shida’, wa Mbaraka na Morogoro Jazz, nikakukumbuka.”

“Wa Mbaraka na nani?”

“Si Morogoro Jazz?”

“Morogoro Jazz wapi! Mbaraka alitoka Morogoro Jazz mwaka sabini na tatu. Huo ni Super Volcano, bwana. Nyie watoto nani anawafundisha haya? Hebu ngoja nikae.”

Hiyo “ngoja nikae” ndiyo uliyokuwa unaitafuta. Akishakaa, kazi yako ni “Ehee”, “Kumbe!” na “Haiwezekani”, kwa mpangilio wowote. Atakwambia alikokuwa akiishi, nani alikuwa na redio mtaani, nani alimkopesha viatu vya raizoni na hakurudishiwa. Akianza kuchoka, muulize swali moja tu: “Wewe ulivaa nini siku hiyo?” Mtu akiulizwa alivaa nini akiwa na miaka ishirini na miwili hukumbuka na kila kitu kingine: bei ya kiingilio, rangi ya taa, nani alikuwa mlangoni, na yule ambaye hakuja. Wazee wana haki ya kujisifu. Waulize maswali yanayowapa nafasi hiyo, nao watakulipa kwa ukarimu ambao hutaupata kwenye kitabu chochote.

Kisha mpigie shangazi. Wengi huacha hatua hii na ndiyo maana wanajua nusu. Baba mdogo atakupa majina ya wapiga magitaa. Shangazi atakwambia nani alikatazwa kwenda dansini, nani aliruka ukuta, na nani alirudi akilia. Tena kuna jambo la kumuuliza yeye peke yake. Nyimbo hizi zimejaa majina ya wanawake, Neema, Zuwena, Georgina, Rosa, Asha, na karibu zote zimeimbwa na wanaume. Wao ndio wanaolalamika, wao ndio wanaosamehe. Muulize shangazi huyo Zuwena angejibu nini. Amekuwa na jibu tangu siku wimbo ulipotoka, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Ukishakusanya, tumia. Kumbukumbu za ukoo ni zako. Ila sema “kwetu”, usiseme “mimi”. “Kwetu redio ilikaa dirishani.” “Kwetu Jumapili mchana hakuna aliyelala.” Hujamdanganya mtu hata kidogo, na kila msikilizaji amekuweka ndani ya chumba hicho.

6. Taarab kwa asiyeijua taarab

Taarab ina sheria zake, na asiyezijua husinzia. Njia ya mkato ni hii: kabla wimbo haujaanza, tafuta mlengwa.

Mashairi ya taarab ya zamani hayakutaji kwa jina. Yanataja ua, njiwa, jahazi, tunda lililochumwa na mwingine. Kwenye shughuli, mtu hukaa kimya nyimbo tatu, kisha mstari mmoja unamfaa, anainuka na noti, anamwendea mwimbaji kwa madaha, anamtuza huku macho yake yako kwa mtu mwingine kabisa. Ujumbe umefika, na hakuna aliyesema neno. Sasa wewe uko nyumbani peke yako. Chagua mtu: wifi, jirani aliyehamisha mpaka wa ua, aliyekuacha na akaonekana kunenepa. Mweke mbele ya macho yako, kisha washa Ikhwani Safaa ya Unguja, klabu iliyoanza mwaka 1905, au udi wa Zein l'Abdin wa Mombasa, au Shakila wa Tanga. Utashangaa fumbo linavyofunguka lenyewe. Kila mstari unakuhusu.

Mstari ukikuchoma, inuka utoe noti, uiweke mbele ya redio, urudi ukae. Ituze redio kwa madaha, hata kama hakuna anayekuona. Wimbo ukiisha utaichukua noti yako.

Na hapa ndipo pa kutoa akiba yako ya tatu. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kwenda kurekodi. Sauti yake ilirudi pwani kwenye sahani za santuri, ikaingia kwenye nyumba ambazo mwenyewe hakuwahi kualikwa. Binti aliyezaliwa katika umaskini shambani, akaja mjini akiuza vyungu, akawa anaimba vyumbani mwa watu walioketi tu na kugeuza sahani. Kila ukimsikiliza ukiwa nyumbani, uko kwenye mstari huo huo wa wasikilizaji, na ni mstari wa heshima.

Ndugu zetu walioko Muscat wanaijua hatua hii kuliko mimi, sina la kuwafundisha. Walioko Toronto na Minneapolis nawapa ushauri mmoja tu: taarab usiiwashe asubuhi ya siku ya kazi.

7. Kuhusu kula na kuvaa

Usipike. Kashata nunua, kahawa nunua, mhogo wa kuchoma nunua. Mtu anayekwenda jikoni kila dakika hafiki kwenye chemko.

Bugaluu usivae, utafanana na tangazo. Vaa kanga au kikoi cha nyumbani kilicholainika. Na atakayekwambia zamani kila mtu alivaa kwa heshima, mkumbushe kwamba mwaka 1969 vijana wa TANU waliendesha Operesheni Vijana, wakikataza sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Havingekatazwa kama havikuwa vinavaliwa, tena kwa wingi na kwa furaha.

8. Ukikamatwa

Siku moja atakuja mjuzi wa kweli. Utamjua: hatazami spika, anatazama dari. Atakuuliza, “Hapo kwenye solo ni nani?”

Usikisie. Kukisia ndiko kunakowaangusha watu. Mtazame, nawe uulize, “Wewe unasema nani?” Atakwambia mara moja, maana alikuuliza ili apate nafasi ya kusema. Itikia kwa kichwa, polepole, ukiwa umeinamia kikombe. Umejifunza jina jipya bila gharama.

Wakiwa wajuzi wawili na wakabishana, usiamue. Wamiminie kahawa. Ubishi huo una umri mkubwa kuliko wewe, na ukiuzima utakuwa umewanyima kitu wanachokipenda.

Akikubana kabisa, mpe simu. Mwambie, “Hebu chagua wewe, mzee wangu.” Hakuna mjuzi aliyewahi kuukataa mwaliko huo, na hakuna aliyeendelea na mahojiano akiwa ameshika simu na kutafuta “Mpenzi Luta”. Jioni yote itakuwa mikononi mwake, na utasikia nyimbo ambazo usingezifikia peke yako kwa mwaka mzima.

Huenda akapenda zaidi, akakualika ukumbini. Kubali. Msondo na Sikinde bado wanapanda jukwaani, ingawa sura nyingi zimebadilika. Usikae mbele ya mwimbaji pamoja na wageni wengine. Kaa pembeni, unapoweza kumwona mpiga ridhimu mkono wake wa kulia. Mwenyeji wako akikuona umechagua kiti hicho, hatakuuliza swali jingine maishani.

9. Andika majina

Hatua hii naomba usiiruke hata ukiruka zote.

Utatuma wimbo kwenye kundi la ukoo. Kila mtu hutuma. Lakini wimbo unaotumwa bila jina hupotea ukiwa hai: unafika kwa mpwa wako kama “wimbo wa zamani”, unafika kwa rafiki yake kama “zilipendwa nzuri sana”, na baada ya hapo Chidumule na Neema yake hawapo tena. Mtunzi wa dansi alikuwa mwajiriwa. Wimbo uliitwa wa bendi, kanda ikawa ya redio. Jina ndilo pekee alilobaki nalo, na wewe kulifuta ni dhuluma hata kama ulikuwa na haraka.

Kwa hiyo kabla ya kutuma, andika: jina la wimbo, mtunzi, mwimbaji, bendi, mji. Ukikuta mtu ameandika Msondo palipo Sikinde, msahihishe kwa upole, mbele ya wote, maana kosa lilifanywa mbele ya wote. Usilolijua liache wazi, na wala usijaze la kubuni. Nafasi iliyo wazi kwenye kundi la ukoo haimalizi saa moja bila mtu kuijaza, na mara nyingi ni yule mjomba ambaye hajawahi kuandika chochote zaidi ya “Amina”.

Na baba mdogo mrekodi. Mwambie unamrekodi, atakohoa, atarekebisha sauti, atakuwa rasmi kwa dakika moja kisha atasahau. Hifadhi faili kwa jina lake, tarehe, na wimbo mliokuwa mkizungumzia. Akianza kuimba mwenyewe, punguza redio, mwache aende hadi mwisho. Akikosea maneno, usimkatize. Shangazi yuko jikoni, anasikia yote, na atamrekebisha.